Samadi Isilale

Mume wangu alinuka. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyemjua alianza na hilo, na wengine hawakuendelea zaidi. Alikuwa mtu mzuri, mrefu, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, lakini alipokuwa akipanda njia ya kuja nyumbani, upepo ulikuwa umeshatupa habari zake kabla hajaonekana. Kuku walimjua. Mbuzi walimjua. Mimi nilimjua na nilimpenda, na ndoo ya maji ya kuoga niliiweka mbali na mlango.

Alikuwa mfagia zizi kwa mlowezi mmoja wa Kijerumani aliyefuga ng'ombe wa maziwa kwenye miguu ya mlima, juu kidogo ya mji wa Morogoro. Sisi wa Uluguru hatukuwa watu wa ng'ombe. Tulikuwa na kuku na vibuzi vichache, na ng'ombe tulimjua kama tulivyomjua tembo, yaani kwa kuhadithiwa. Mtu aliyeshinda na ng'ombe mchana kutwa na jioni akarudi mzima alipewa heshima, ila alipewa kwa mbali.

Sina budi nieleze habari ya ardhi kwanza, maana bila hiyo kisa changu ni kinyesi kitupu.

Kwetu ardhi ni ya ukoo, tunaouita lukolo, na ukoo hufuata mama. Shamba nililolima mimi alililima mama yangu, na kabla yake mama yake. Mwanamume akioa huja kwa mkewe na jembe lake. Atalima, atakula, ataheshimiwa, lakini udongo si wake. Ndoa ikivunjika hubeba jembe lake akarudi kwa mama yake. Kupanda mti wa kudumu haruhusiwi, hata mmoja, kwa sababu mti hukaa miaka mingi, na siku moja wajukuu wa dada yake watakuja kusema pale penye mti wa mjomba wetu ni petu. Mume wangu alitoka upande wa Matombo, nyuma ya mlima, ukoo wa mbali. Kwa hiyo alitazamwa sana.

Aliyemtazama zaidi ya wote ni mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ardhi yetu. Mjomba alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kikohozi kirefu cha kutangulia maneno. Mungu alimpa kipaji cha kuona dai mahali ambapo wengine waliona bakuli la uji. Mgeni mmoja aliwahi kusahau viatu vyake vya ngozi mlangoni kwa mjomba. Mjomba alivitazama asubuhi, akavitazama tena jioni, na kesho yake akavibeba mwenyewe kwa miguu hadi Mzumbe kumrudishia mwenyewe, asije akasema kizingiti kile anakijua. Alirudi amechoka lakini ametulia.

Sasa, shamba langu lilikuwa limechoka kuliko mjomba. Lilikaa kwenye mteremko mkali, udongo wake mwekundu, na magunzi ya mahindi yake nilikuwa naona haya kuyaanika nje watu wakayaona. Jambo hilo lilimuuma mume wangu. Kule kwa Mjerumani, nyuma ya zizi, aliona kabichi zimekaa kwa kiburi, zimejaa, na alijua zinakula nini.

Siku moja tukiwa tunapalilia akasimama, akaegemea jembe.

"Mke wangu," akasema, "ng'ombe wa mzungu wanakula majani, wanatoa samadi, samadi inatoa kabichi. Sisi shamba letu tunalipa nini?"

"Jasho," nikamwambia. "Inama tulipe."

Lakini alikuwa ameshaamua. Mjerumani hakumnyima. Ile samadi ilikuwa imemzidi, na mtu anayekuja mwenyewe kukuondolea uchafu wako kwa kichwa chake si wa kukatazwa.

Basi nakumbuka tenga la kwanza lilivyofika. Kulikuwa na manyunyu. Mume wangu alilibeba kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba, na kwa kuwa samadi ilikuwa mbichi ya asubuhi ile na tenga lina matundu, alikuwa anachuruzika kuanzia masikioni. Inzi walimfuata kwa utaratibu mzuri. Watu wakatoka majumbani. Alipofika ukingoni mwa shamba akamkuta mjomba amesimama, mkono mmoja kiunoni, amekwisha kukohoa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mkwe. Hiyo nini?"

"Samadi, mjomba. Niweke wapi?"

"Samadi ya nani?"

"Ya ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa Mjerumani."

"Walikula majani ya wapi?"

"Ya shamba lake mwenyewe, mjomba."

Mume wangu amesimama, maji ya samadi yanashuka shingoni, na kwa adabu hawezi kutua mzigo kabla mkubwa hajasema. Nikaona macho ya mjomba yanang'aa kwa namna niliyoijua tangu utoto, nikajua tumekwisha.

"Basi," akasema mjomba, "hiyo ni ardhi ya mtu mwingine iliyopita kwenye tumbo la ng'ombe."

Tenga likarudishwa njiani, na kikao kikaitishwa kesho yake barazani kwa mjomba. Wakubwa wa ukoo walikuja wote, hata wale ambao kwa mambo ya maana huwa wanaumwa miguu. Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa hili: mkwe akimwaga samadi yake kwenye ardhi yetu, na udongo ukabadilika, ule udongo uliobadilika ni wa nani? Na siku akiondoka, ataondoka nao vipi?

Nimehudhuria vikao vingi maishani, na sijaona kingine ambacho watu walifikiri kwa bidii namna ile. Mmoja akasema samadi ni sawa na mti, kwa kuwa hukaa ardhini na kuleta chakula. Mwingine akasema si mti, mti una shina, hiki shina lake liko wapi? Shangazi mmoja mzee akasema ni sawa na mvua, nayo mvua hakuna anayeiuliza ukoo wake. Akaambiwa mvua hailetwi na mkwe kwenye tenga. Mume wangu alikaa chini kwenye jamvi peke yake, upande ambao upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake. Walipomtaka aeleze jinsi Mjerumani anavyofanya, akaeleza vizuri tu, na hapo ndipo alipoharibu.

Alisema samadi mbichi ni moto. Inatakiwa irundikwe kwanza karibu na shamba, ifunikwe majani ya mgomba mvua isiioshe na jua lisiikaushe, ikae miezi mpaka ipoe na iwe nyeusi. Hapo ndipo isambazwe na kuchanganywa na udongo.

"Ikae miezi," mjomba akarudia.

"Ndiyo, mjomba."

"Kwenye ardhi yetu."

"Ukingoni tu, mjomba."

"Na ifunikwe majani. Juu."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kitu cha mkwe kinachokaa mahali miezi na kimeezekwa majani, kwa Kiluguru na kwa Kiswahili, kinaitwa nyumba. Mtu aliyejenga nyumba kwenye ardhi amelala hapo, na aliyelala hapo ana la kusema. Mjomba akakohoa kile kikohozi kirefu, akatoa hukumu. Samadi iingie, kwa kuwa sisi si watu wabaya. Lakini isilale. Ikifika imwagwe siku hiyo hiyo ikiwa na joto lake, isambae, isiwe na umbo. Ikishamwagwa imekuwa yetu. Na siku mkwe atakaposikika akisema "samadi yangu", au shamba likiharibika, atachukua jembe lake arudi kwa mama yake baada ya mavuno.

Kila mtu alipendezwa na hukumu ile kwa jinsi ilivyokaa sawa. Kila mtu ila mimi. Nilikuwa na mume ninayempenda na mjomba nisiyeweza kumjibu, na baina yao kuna tenga la mavi. Mume wangu wala hakushtuka.

"Udongo wetu ni wa baridi," aliniambia tukirudi. "Utaipoza wenyewe."

"Aliyekwambia ni nani?"

"Si unaona milima hii ilivyo na baridi?"

Hapo nikajua kuwa elimu yake ya samadi ilikuwa imefika mwisho.

Basi msimu ule alibeba. Kila akitoka kazini alipanda na tenga, na kila alipofika ukingoni mjomba alikuwapo. Hakuwa na kazi nyingine mjomba siku zile. Mume wangu alimsalimu, akauliza vilevile kama siku ya kwanza, "Niweke wapi?" Na mjomba akainua kidevu kuelekea shambani, akajibu, "Si hapa. Mwaga huko, isambae." Tukamwaga. Tulimwaga juu ya mbegu, kandokando ya mashina, kila mahali, maana haikuruhusiwa kulala na sisi hatukuruhusiwa kubakiza. Harufu ilikuwa si ya kawaida. Ilichoma pua, ikashuka kooni, ikatoa machozi. Jirani aliyepita njiani alinipa pole akidhani nimefiwa.

Miaka mingi baadaye, utawala umeshabadilika na mimi nimeshakuwa bibi, bwana shamba mmoja kijana alinieleza kuwa ile harufu inayochoma ndiyo chakula chenyewe cha mmea. Kina jina lake, naitrojeni. Samadi mbichi ikianikwa juu ya udongo, chakula hicho kinapaa hewani, na kinachobaki kikiwa kingi kinaunguza mizizi, na mvua ikija inakiosha na kukishusha bondeni. Alinieleza polepole, kwa huruma, kama watu wanavyowaeleza vibibi. Nikamwambia kwa hiyo msimu ule wote tulikuwa tunanusa mahindi yetu. Akasema ndiyo, bibi, ndivyo hasa. Nikamwambia tulishiba.

Mahindi yaliota, tena kwa mbio. Kwa siku chache nilianza kutembea shambani mikono nyuma kama mwenye mali. Kisha ncha za majani zikawa njano, zikajikunja, na kila penye samadi nyingi mahindi yakalala chali. Niliyamwagia maji, nikayakwangulia udongo, nikayatukana. Mjomba alipita asubuhi, akatazama, akakohoa kwa kifupi tu. Kikohozi kile kifupi kilinitia hofu kuliko maneno.

Halafu masika ikaingia kweli kweli. Nani asiyejua masika ya Uluguru? Maji yalishuka kwenye ule mteremko yakafagia samadi yote, hata mume wangu kazini hakuwahi kufagia vile. Yakaipeleka chini, kwenye shamba la mtani wetu.

Mtani huyu alikuwa mwanamke wa ukoo ambao na sisi tuna utani tangu zamani za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, kuingia kikaoni bila kuitwa, kuondoka na kuku wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ndio hao hao wanaotuzika tukifa. Yule alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya kijito, na kazi ya kutukana aliifanya kwa moyo wote. Shamba lake lilikuwa tambarare kidogo, chini kabisa, na alikuwa amepanda maboga.

Maboga yale yalipata wazimu. Shina lilitambaa hadi mwisho wa shamba lake, halikuona pa kwenda, likaanza kupanda mlima kurudi kwetu. Asubuhi moja mjomba alikuta limeshavuka mpaka na limeweka boga, boga zima la kutosha sufuria ya arusi, ndani ya ardhi ya ukoo. Alisimama mbele yake akatetemeka. Kisha akafikiri, na kufikiri kukamponya, akashuka kwa mtani kifua mbele. Nikamfuata nikijifanya naenda kuchota maji.

"Mtani," akasema mjomba, "ile samadi ilimwagwa kwetu, ikawa yetu, ikawa ardhi yetu. Sasa imekuja kwako. Kwa hiyo wewe unalima ardhi yetu. Lete ngoto."

Ngoto ni kapu la mazao ambalo mtu wa ukoo mwingine humpelekea mkubwa wa ardhi aliyomruhusu kulima. Mtani alikuwa anapalilia. Akajinyoosha taratibu, mikono kiunoni.

"Ardhi yako imekuja kwangu?"

"Imekuja."

"Nani aliialika? Ilikuja usiku na mvua, haikubisha hodi, imenilalia shambani. Mzee mzima, ardhi yako haina adabu! Ichukue. Jembe hilo hapo. Chagua vizuri, usije ukabeba na yangu." Mjomba akafungua mdomo, mtani akaendelea. "Na inzi je, ni wa ukoo gani? Maana wapo nyumbani kwangu, wanakula, hawalipi kitu. Na hii harufu niliyovuta masika nzima? Pua yangu umeilima bila ruhusa. Nani ataniletea ngoto ya pua?"

Mjomba akarudi juu. Nikachota maji, nikacheka mpaka nikayamwaga, nikarudi kisimani tena.

Lakini kicheko hakikubadilisha hukumu. Siku ya mavuno shambani kwangu hapakuwa na cha kuvuna. Kikao kikaitishwa, safari hii uani kwangu. Mume wangu alikunja mkeka wake, akaegemeza jembe ukutani karibu na mlango, akaoga vizuri kuliko siku zote, kisha akaenda kukaa kwenye jamvi, upande ule ule wa upepo kama mara ya kwanza. Nilikuwa jikoni nalia, na nililia kwa hasira, nikigonga vyungu ili wanisikie. Wakubwa walisema yote yanayosemwa. Mkwe alikuwa mtu mzuri. Hana ugomvi. Shamba limeungua. Kilichosemwa kimesemwa.

Mjomba alikuwa ameshaanza kukohoa kikohozi cha hukumu, ndipo mtani akaingia uani na boga kichwani. Hakusalimia mtu. Akalishusha katikati ya wazee, likatua kwa kishindo.

"Nasikia mnatupa mtu," akasema.

"Mtani, hiki ni kikao cha ukoo," mjomba akasema.

"Ndiyo, nimekuja kuwasaidia. Mimi nakaa chini ya mteremko. Kila mnachotupa ninyi kinanifikia mimi. Mlitupa samadi, nimepata hili." Akalipiga boga kofi. "Sasa mkimtupa na mwenyewe, si nitavuna nyumba? Nimeshamwandalia pa kulala."

"Una mume!" shangazi mzee akapaza sauti.

"Mume wangu atamsaidia kubeba tenga. Wewe mkwe, simama, chukua jembe, twende. Kwangu utarundika utakapo. Rundika hata mlangoni."

Mume wangu, ambaye hakuwahi kujua lini mtu anatania, akainuka nusu. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Lakini niliyemtazama ni mjomba. Alikuwa anatazama boga. Alikuwa anahesabu kichwani: huyu akishuka, ng'ombe wa Mjerumani wanashuka naye, na yale majani ya maboga mwakani yatafika kitandani kwake.

"Nani alisema mkwe anafukuzwa?" akauliza kwa ukali.

Akageuka akalitazama jembe.

"Jembe hili liko ukutani kwa nini?"

"Limeegemezwa likauke, mjomba," nikasema.

"Basi likikauka lirudisheni ndani."

Ikabaki taabu ya pili. Samadi lazima ilale, hilo sasa hata mjomba alilikubali kimoyomoyo, lakini alikuwa ameshasema isilale kwetu, na mjomba hakuwahi kurudisha neno lake tangu azaliwe. Akatafuta siku nyingi. Mwishowe akapata. Juu ya shamba langu ilipita barabara ya serikali, ile ambayo sote tulipelekwa kuilima na kuifagia kwa amri ya akida wa Wajerumani. Kando ya barabara ile hapakuwa pa ukoo wetu wala ukoo wa mtu.

"Niweke wapi, mjomba?" mume wangu akauliza, tenga kichwani.

"Si hapa." Kidevu kikaelekea barabarani. "Kule. Ikalale kwa serikali."

Ikalala kwa serikali, imefunikwa majani ya mgomba, mume wangu akiigeuza kila alipopata nafasi. Kiangazi kikiwa katikati, akida akapita na askari wake, akaona mabiwi yamepangwa na kufunikwa vizuri, akauliza ni ya nani. Mjomba alikuwa karibu. Angesema ni ya mkwe, angempa mkwe barabara. Angesema ni yetu, tungechapwa kwa kuchafua njia.

"Ya serikali," akasema.

Akida hakuwa ameambiwa habari zozote za jambo hilo, na hakutaka askari wake wajue kuwa hakuambiwa. Akaitikia kwa kichwa. Akaamuru isiguswe na mtu, na majani yakikauka yabadilishwe. Kwa hiyo samadi yetu ililindwa kiangazi chote kwa amri, na hata kuku hawakuruhusiwa kuichakura. Ilipokaribia vuli akida alirudi amevaa kanzu nyeupe mpya, akakanyaga pasipo pake, akazama hadi kwenye pindo. Siku hiyo hiyo akaamuru uchafu ule uondolewe barabarani wote bila kubaki. Tukautii wito wa serikali. Tuliisambaza nyeusi, imepoa, inamegeka mikononi, na haikunuka kitu ila udongo uliopata mvua. Tukaifukia siku ile ile, tukapiga matuta ya kukinga mteremko maji yasiibebe. Mtani akaja kulalamika kwamba tumemkatia riziki.

Mahindi ya mwaka ule niliyaanika mbele kabisa ya nyumba, njiani, watu wapite kwa tabu.

Ikawa hivyo miaka iliyofuata. Shamba likageuka jeusi kutoka juu kushuka chini. Na kila mwaka, tenga la kwanza lilipofika, mume wangu alisimama ukingoni akauliza, ingawa alijua, "Niweke wapi, mjomba?" Na mjomba akajibu, "Si hapa," akainua kidevu. Walifika mahali wakawa wanasalimiana hivyo hata kusipokuwa na tenga, hata wakikutana mjini sokoni. Nadhani walipendana. Lakini samadi haikulala kwetu hata mara moja.

Kisha vita vya Wajerumani na Waingereza vikaja. Wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na mume wangu alikuwa mrefu na shingo yake imezoea. Aliondoka asubuhi na wenzake, amefungwa mzigo ambao si wake, na nilibaki mlangoni nikinusa upepo mpaka haukuwa na kitu. Muda mrefu ukapita. Mlowezi akaondoka, ng'ombe wakaliwa na majeshi. Halafu mtu wa kilima cha pili akarudi amekonda, akatuambia waliumwa tumbo wengi njia ya Kisaki, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Walimzika kando ya barabara pale alipoangukia, kwa haraka, kwa kuwa msafara haukusimama. Hata yeye asingeweza kupaonyesha tena mahali hapo.

Tukaweka matanga bila kaburi. Ndugu zake wa Matombo walikuja, dada yake na watoto wa dada, wakakaa kwa upande wao. Mjomba alikaa mlangoni. Alikuwa amezeeka kwa ghafla, na kikohozi chake sasa kilikuwa cha ugonjwa. Mimi nilikuwa nimekaa chini na kanga usoni, sina machozi, nina hasira tu na kila mtu aliyekuwa na pa kuzikia mtu wake.

Katika matanga watani ndio wenye shughuli. Mtani wetu akapita jikoni bila kusema, akalitoa lile tenga la zamani kwenye mwamba wa paa, akalipangusa masizi. Akajikunjia kata ya majani, akaliweka tenga kichwani, akatoka nalo uani. Alikuwa mnene na mume wangu alikuwa mwembamba, lakini alipoanza kutembea, nilimwona mume wangu. Ile hatua ndefu. Ule mkono wa kupangusa shingo. Akafukuza inzi ambao hawakuwapo, akanusa kwapa lake, akashtuka, akatazama nyuma kuona nani ananuka. Mtu mmoja akapasuka kucheka. Kisha dada yake wa Matombo akacheka, kisha wote, na mimi nikacheka chini ya kanga mpaka machozi yale yaliyonikataa yakaja yote kwa pamoja.

Akazunguka ua mzima, akaja akasimama mbele ya mjomba, magoti yamekunjika kwa adabu chini ya tenga tupu.

"Shikamoo mjomba," akasema, kwa sauti ile ya kubembelezea mtoto. "Niweke wapi?"

Kidevu cha mjomba kikainuka chenyewe kwa mazoea, kikaelekea barabarani, kikasita njiani, kikashuka. Akakohoa kwa muda mrefu.

"Weka hapa," akasema. "Hapa kwetu, mkwe. Ilale."

Mtani akalitua tenga katikati ya ua, taratibu, kana kwamba limejaa. Mjomba akajiinua kwa kushika mwimo wa mlango, akachukua kisu, akaenda nyuma ya nyumba kukata majani ya mgomba ya kulifunika.